Ringi Mpya, Vumbi Lile Lile

Nimefungua injini moja mara mbili ndani ya miezi sita. Mara ya kwanza ilinigharimu shilingi 1,450,000 na ikaishi kilomita 9,000. Mara ya pili ilinigharimu 5,510,000, na leo, kilomita 94,000 baadaye, inawaka alfajiri ya Karatu kwa kugusa ufunguo mara moja. Naandika hesabu yote kama ilivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea mwenyewe, kwa sababu kila masika naona wenzangu hapa Arusha wakishusha injini kwa haraka ile ile niliyokuwa nayo, na wengine pesa yenyewe wameikopa.

Mimi ni dereva wa watalii. Kwa miaka mingi niliendesha magari ya watu. Mwaka 2020 corona ilipofunga mipaka magari yalilala uani, na mwanzoni mwa 2021 kampuni nyingi zilikuwa zinauza ili ziweze kupumua. Ndipo nikapata Land Cruiser yangu mwenyewe, ndefu, yenye paa la kufunguka, injini ya 1HZ, odometa ikisoma 468,000. Kwa asiyeijua, 1HZ ni dizeli ya silinda sita yenye ujazo wa sentimita za ujazo 4,164, haina tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), na Toyota walianza kuitoa mwaka 1990. Mbio haina, ila inavumilia mzigo, joto na matengenezo ya porini, ndiyo maana utaikuta kuanzia Njiro hapa mjini mpaka Seronera katikati ya Serengeti. Uvumilivu huo ndio ulionidanganya. Nilidhani haifi.

Dalili zilikuja polepole. Kwanza oili. Nikitoka safari ya siku tano kijiti kinasoma chini, naongeza lita moja. Baadaye lita moja na nusu. Kisha ikawa ngumu kuwaka asubuhi, hasa tukilala ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ambako baridi ya alfajiri inauma hadi mifupa. Ikiwaka inatoa moshi wa buluu, inatetemeka, ndipo inatulia. Nikifungua kifuniko cha kujazia oili huku injini inanguruma, hewa ya moto inanisukuma kiganja. Maana yake mgandamizo unavuja kupita ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni na kuziba nafasi kati yake na silinda, na kushuka kwenye oili. Hilo nililijua, na dereva yeyote wa dizeli analijua. Swali ambalo sikujiuliza ni nini kimezimaliza ringi hizo.

Niseme neno kuhusu moshi, maana wengi wanauchanganya. Mweusi ni dizeli isiyopata hewa ya kutosha: eya klina (kichujio cha hewa) imeziba, nozeli (kinyunyizio cha dizeli) mbovu, au pampu inamwaga kupita kiasi. Gari lisilo na tabo likipanda kwenda kreta litatoa weusi kidogo hata likiwa zima, kwa kuwa kule juu hewa ni nyepesi. Wa buluu ni oili inayoungua. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto ni dizeli isiyoungua, au maji yanaingia kwenye silinda. Ukimwambia fundi "gari linatoa moshi" bila kumtajia rangi na wakati, umempa kazi ya kubahatisha.

Novemba 2021, odometa ikiwa 497,000, nikapeleka gari kwa fundi wa kwanza. Alikuwa kijana mchapakazi mwenye gereji ya uani, na simlaumu peke yake. Alisikiliza injini dakika mbili akasema, "Kaka, hii ni ringi tu. Siku nne unaondoka." Nilikuwa na kazi za Desemba mkononi na sikutaka kusikia neno lingine. Hedi, kile kifuniko kizito cha juu ya silinda, ikashushwa, pistoni zikatolewa, ringi mpya zikavikwa kwenye pistoni za zamani, zikawekwa beringi mpya (vikalio vya chuma laini vinavyobeba shafti kuu ya injini) za saizi ya kawaida na gasketi mpya, injini ikafungwa. Silinda zilipitishwa msasa na kupanguswa kwa dizeli. Siku zote nne sikuona kifaa cha kupimia, mikromita wala fila geji, kikitoka kwenye boksi.

Kuna kitu nilikiona, na kinaniuma mpaka leo. Hedi ikiwa chini niliingiza kidole kwenye silinda ya tano na kupandisha kucha kuelekea juu. Karibu na mdomo kucha ilikwama. Palikuwa na ngazi, kama ukingo wa ndani wa sufuria. Nikamuuliza. Akajibu, "Ya kawaida hiyo, injini ya zamani." Nikanyamaza.

Ngazi ile ni mahali ringi ya juu inapogeukia. Chini yake chuma kimelika, juu yake hakijaguswa tangu kiwandani. Ringi ya zamani ililika pamoja na silinda, kwa hiyo inapita bila shida. Ringi mpya ina kona kamili, inagonga ngazi hiyo kila pistoni inapopanda. Ama itavunjika yenyewe, ama itavunja sehemu ya pistoni inayoishikilia. Kucha yako ikikwama, usikubali kuvikwa ringi mpya mpaka silinda ipimwe.

Gari lilitoka, na kwa wiki tatu lilikuwa tamu. Moshi ulipungua, oili ilitulia, nikamsifu kijana yule kwa kila mtu. Januari oili ikaanza tena kushuka. Nilijiambia ringi bado zinakaa mahali pake. Februari nikawa nabeba galoni ya oili nyuma ya kiti, naificha chini ya mablanketi ili wageni wasiione.

Machi 2022 tulikuwa tunatoka Serengeti na wageni wanne, tumeshapita geti la Naabi, tunaupanda mlima kurudi ukingoni mwa kreta. Kwanza nguvu ilipungua. Kisha nikasikia sauti chini, mlio mzito wa chuma juu ya chuma, na mshale wa presha ya oili ukaanguka. Injini imenoki. Nilizima palepale, na hilo ndilo jambo moja nililofanya sawa siku ile: kila dakika unayoendelea kuendesha injini inayonoki inaongeza kazi ya krenki, ile shafti kuu, na krenki ndicho chuma cha bei kubwa. Mwenzangu aliyekuwa nyuma alinipunguzia aibu, akawachukua wageni wawili, na gari jingine likawachukua wawili waliobaki. Mama mmoja mzee katika wageni wale alinishika mkono akaniambia pole. Nilikaa peke yangu pembeni mwa barabara mpaka saa kumi na mbili jioni nikisubiri kuvutwa. Kuvutwa mpaka Arusha kulinigharimu 700,000, na hiyo haimo kwenye hesabu niliyoitaja juu.

Fundi wa pili ni mzee mmoja wa Unga Limited. Hakunipa bei. Alinipa kiti, akaniuliza gari limefanya kazi wapi, linakula oili kiasi gani, nani alilifungua mwisho. Nilimwambia nataka beringi na ringi. Akasema, "Injini haijiui yenyewe, mdogo wangu. Kwanza tumtafute aliyeiua, ndipo tununue spea."

Amri yake ya kwanza ilikuwa kwamba kitu chochote kisioshwe. Vijana wa gereji wana tabia ya kukimbilia kuosha kwa dizeli kila kinachotoka, kazi ionekane safi. Yeye alitandika magunia, akapanga kila kipande kwa namba ya silinda kikiwa na uchafu wake. Konrodi (mikono ya chuma inayounganisha pistoni na krenki) na vifuniko vyake alivipigia alama kabla ya kuvifungua, kwa sababu kila kifuniko kilichongwa pamoja na konrodi yake na hakihamishwi. Kisha tukaanza kusoma. Ringi ya juu ya silinda ya tano ilikuwa vipande viwili. Ringi za juu za silinda zote sita zilikuwa zimelika hadi uso wake unang'aa kama kioo, baada ya kilomita 9,000 tu. Beringi za konrodi zilikuwa na mikwaruzo mirefu, na ukizipitishia kidole gumba unahisi chembe zimezama kwenye chuma laini.

"Ringi iliyovunjika ni ya ngazi," akasema. "Lakini hizi nyingine tano hazikuvunjika. Hizi zimesagwa."

Akaenda mbele ya gari, akalegeza klipu mbili za ule mpira mnene unaotoka kwenye eya klina kwenda kwenye injini. Akachomoa kitambaa cheupe mfukoni, akakizungushia kidole, akapangusa ndani ya bomba, upande wa injini, yaani upande ambao hewa imeshachujwa. Kitambaa kilitoka na mstari wa kahawia. Akaniwekea kwenye kiganja, akaniambia nisugue kwa kidole gumba karibu na sikio. Nilisikia. Kilikuwa kinakwaruza, mchanga laini uliochanganyika na mafuta. "Unaitambua hii? Ni Serengeti. Imo ndani ya injini yako."

Aliutoa mpira wenyewe. Kwa juu ulikuwa mweusi, unang'aa. Aliyeniuzia gari alikuwa ameupaka ile dawa ya kung'arishia matairi. Mzee akaukunja kwa mikono miwili, na upande wa chini, nyuma kidogo ya klipu, ukafunguka kama mdomo. Ufa wa sentimita kama nne. Gari likiwa limesimama ulikuwa umefumba. Injini ikivuta mzigo na kujitikisa ulikuwa unafumbuka na kunywa vumbi moja kwa moja, kila siku, tangu nilinunue na pengine kabla ya hapo. Vumbi la nyanda za kusini mwa Serengeti limetokana na majivu ya volkano, ni laini kama unga na ni gumu kuliko linavyoonekana. Likichanganyika na oili linakuwa dawa ya kusagia chuma.

Mpira mpya ulikuwa shilingi 85,000. Kijana wa kwanza alinivisha ringi mpya, na mimi nikaziendesha kilomita 9,000 juu ya ufa ule ule.

Nilirudi nyumbani siku ile sikuweza kula. Tulikuwa na akiba ya 1,500,000. Mke wangu alikopa 2,000,000 kwenye kikundi chake cha vikoba, akasimama mbele ya wenzake kueleza kwamba gari ni mradi wa familia na litarudi barabarani kabla ya Julai. Iliyobaki niliomba kama malipo ya mbele kwa rafiki mwenye kampuni, kazi nitazifanya msimu ukifunguka. Ada ya mtoto wa pili ilichelewa mwezi mzima. Nayaeleza haya kwa sababu bei ya spea unaweza kuulizia dukani, lakini jioni zile mezani hakuna atakayekutajia. Nilishukuru tu kwamba ilikufa Machi. Aprili na Mei mvua ni nyingi, wageni wachache, na fundi hana anayemkimbiza. Ukiona dalili Januari, panga kushusha masika, usingoje Juni ikukute barabarani.

Kazi ya mashine ndiyo niliyojifunzia zaidi. Silinda ya 1HZ kiwandani ina kipenyo cha milimita 94. Mzee aliipima kila silinda juu, katikati na chini, kwa mielekeo miwili, akaandika kwa chaki ukutani. Ya tano ilisoma 94.31 juu na 94.06 chini, kwa hiyo imekuwa kama faneli. "Ikipita sehemu mbili za kumi za milimita, ringi hazina mazungumzo tena," alisema. Dawa yake ni kuchonga silinda zote sita kwenda saizi ya juu ya milimita 0.50 na kununua pistoni za saizi hiyo. Bloku ikishalika zaidi ya hapo watu huiwekea slivu, yaani silinda mpya ya kuvishwa ndani, na gharama inapanda.

Hapa kuna kosa ambalo nilikuwa karibu kulifanya. Nilitaka kuwahi kupeleka bloku ikachongwe wakati natafuta pistoni za bei nafuu. Mzee akakataa. Pistoni hutangulia, bloku hufuata. Mchongaji anaipima pistoni yenyewe, ile utakayoitumia, halafu anaiachia silinda nafasi inayotakiwa. Pistoni mbili zilizoandikwa 0.50 kutoka viwanda viwili zinaweza zisilingane. Ukikutana na mchongaji anayekubali kuchonga bila kuona pistoni, chukua bloku yako uondoke.

Baada ya kuchonga, silinda zilisuguliwa kwa mawe ya honi hadi zikapata mistari midogo inayokatana kama nyavu. Mistari hiyo ndiyo inayoshika oili na kuzisaidia ringi mpya kukaa. Bloku ilirudi gereji, na mzee akaniambia nioshe mimi. Maji ya moto, sabuni ya unga, brashi, silinda moja baada ya nyingine, kisha kupangusa kwa kitambaa cheupe chenye oili mpaka kitoke bila kijivu. Nilidhani nimemaliza mara nne. Mara ya saba ndipo kitambaa kilipotoka safi. Unga wa mawe ya honi ukibaki ndani ni vumbi jingine, safari hii umelitia mwenyewe.

Krenki ilichongwa ikapunguzwa milimita 0.25. Nikanunua beringi za saizi hiyo kwenye duka ambalo bei yao ilikuwa chini kwa 110,000 kuliko pengine. Zilikuwa na boksi zuri na stika inayong'aa. Mzee alizifunga kwa toki renchi (spana inayopima mkazo) bila konrodi kuungana na krenki, akapima tundu kwa ndani, akapima krenki kwa nje, akatoa. Nne zilikuwa sawa, mbili zilikuwa na nafasi kubwa kuliko inavyoruhusiwa. Nilirudi dukani, wakakataa kurudisha pesa kwa sababu zilishafungwa. Hasara hiyo nililala nayo, nikanunua nyingine za 330,000. Tangu hapo kabla ya kulipa nakubaliana na muuzaji kwa maandishi kwenye risiti: zikipimwa zikakataa, zinarudi.

Nilipofika kwenye nozeli nilitaka kubana. Zilikuwa zinafanya kazi, gari halikuwa na moshi mweusi wa kutisha, na pampu pamoja na nozeli ilikuwa 720,000. Fundi wa pampu akanifungia moja kwenye mashine ya kupimia, akavuta mkono. Nozeli nzima inatoa ukungu, na mlio wake ni mkali, mfupi. Yangu ya tano ilikuwa inakojoa. Tone linaning'inia kwenye ncha hata kabla presha haijafika. Dizeli ya namna hiyo inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuunguza kichwa cha pistoni mahali pamoja. Nikafikiria pistoni mpya zilizokuwa zinasubiri kwenye boksi, nikalipa.

Kufunga kulichukua siku tisa na siielezi yote. Ringi zilipimwa nafasi ya ncha kila moja ndani ya silinda yake. Bolti za hedi zilikazwa kwa hatua tatu: kwanza kwa kipimo cha toki renchi, kisha robo mzunguko, kisha robo nyingine, kila bolti ikiwa na nukta ya rangi kichwani ili isitokee ya kusahauliwa. Nafasi za vali injini ikiwa baridi, milimita 0.20 za kuingiza na 0.40 za ekzosi. Mkanda wa taimingi na tensha yake vilikuwa vipya hata kama vya zamani vilionekana vizuri, maana kwenye injini hii mkanda ukikatika vali na pistoni zinakutana. Rejeta ilifunguliwa ikasafishwa, themostati ikapimwa ndani ya sufuria ya maji ya moto kuona inafunguka. Fundi alilipwa 900,000, na nilimwongeza kilo mbili za kahawa ya nyumbani kwa shukrani.

Kabla ya kuwasha, mzee alichomoa waya wa kile kifaa kinachokata dizeli kwenye pampu. Tukazungusha stata kwa vipindi vifupi, tukiipumzisha katikati, mpaka mshale wa presha ya oili uliponyanyuka. Ndipo waya ukarudishwa. Injini mpya isiwake ikiwa kavu hata kwa sekunde kumi. Beringi zinaumia pale pale na hutaziona mpaka baadaye sana. Ilipowaka nilikuwa nimesimama upande wa ekzosi. Ilitoa moshi mweupe kidogo, ikatulia. Mke wangu alikuwa kwenye simu anasikiliza. Hakusema kitu, nilisikia tu anashusha pumzi.

Kuizoesha nako kulikuwa tofauti na nilivyofundishwa ujanani. Nilizoea kusikia injini mpya iachwe ingurume taratibu siku nzima ikiwa imesimama. Mzee alinikatalia. Ikinguruma bure ringi hazisukumwi vya kutosha kwenye kuta, silinda zinang'aa na mistari ya honi inafunikwa, halafu oili itapita maisha yake yote. Alinituma barabarani siku hiyo hiyo: Arusha kwenda Moshi na kurudi, kupitia Usa River, Kikatiti na Boma Ng'ombe, bila mzigo mkubwa, bila kukanyaga mpaka mwisho, lakini nikibadilisha mwendo, nikiikaza kidogo kwenye miinuko na kuiachia kwenye miteremko. Kilomita 500 za kwanza nikabadilisha oili na filta. Tulipasua filta ya zamani kwa msumeno, tukatandaza karatasi yake juani. Kulikuwa na mng'ao mdogo wa chuma, ambao mzee alisema ndio unaotegemewa. Kwenye kilomita 2,000 tukarudia, na karatasi ikawa karibu haina kitu. Nilirudi pia kukagua nafasi za vali na kukaza klipu zote za maji.

Sasa matunzo, na hapa nitataja tu yale yaliyobadilisha maisha ya gari langu. Oili nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kuangalia rangi, kwa sababu oili ya dizeli inakuwa nyeusi siku ya pili na weusi wake haukuambii kitu. Ninapoongeza, naandika kwenye daftari lililo kwenye droo ya dashibodi: tarehe, odometa, kiasi. Bila daftari utajidanganya kama nilivyojidanganya Januari ile. Kwa sasa inakula chini ya nusu lita kati ya mabadiliko mawili.

Rejetani siweki maji ya bomba matupu tena. Naweka kulanti iliyochanganywa na maji safi, mwaka mzima, kwa ajili ya kutu na si kwa ajili ya baridi. Chini ya filta ya dizeli kuna kizibo cha kutoa maji. Nakifungua kila nikirudi kutoka porini, na mara zote nilizojaza kutoka kwenye madumu nimekuta maji. Mkanda wa taimingi unabadilishwa kila kilomita 100,000. Taa ya T-BELT kwenye dashibodi ipo kwa kazi hiyo, lakini kwenye magari yaliyopita mikono mingi huenda ilishazimwa, kwa hiyo nenda na odometa na risiti. Wangu utatoka Aprili hii, kilomita elfu chache kabla ya wakati.

Eya klina nilikuwa naiharibu mwenyewe kwa mikono yangu. Kila jioni kambini nilikuwa naipuliza kwa kompresa ya matairi, presha yote, kutoka nje. Presha inatoboa karatasi matundu usiyoyaona, na ukipulizia nje unalizamisha vumbi zaidi. Siku hizi naigonga polepole kwenye kiganja, nikipuliza ni kutoka ndani kwenda nje na kwa mbali. Usiku naingiza tochi katikati na kuizungusha: nikiona hata nukta moja ya mwanga inapenya, inatupwa. Naangalia pia ule mpira mdogo wa kutolea vumbi chini ya boksi, maana ukikauka na kubaki wazi unaingiza hewa chafu ndani ya boksi, na filta inaziba haraka.

Mwezi uliopita kijana mmoja tuliyewahi kufanya kazi pamoja alinipigia simu. Amepata gari kama langu, 512,000 kwenye odometa, linapendeza, muuzaji anasema injini imefanyiwa kazi karibuni. "Shikamoo kaka, niende na nini kukagua?" Nikamwambia aende na bisibisi ya kulegezea klipu na kitambaa cheupe, aupangusie bomba ndani kabla hata ya kuomba kuwashiwa, na aukunje mpira kwa mikono miwili. Alinitumia picha ya kitambaa baada ya saa moja. Hakulinunua.

Kesho alfajiri naelekea Ndutu, nyumbu wanazaa na nyanda zimekauka mapema. Gari lipo uani limeshajazwa dizeli. Jioni hii nimefungua zile klipu mbili, nikapitisha kidole na kitambaa hadi ndani kabisa, nikakitoa chini ya taa ya barazani. Cheupe. Nimezikaza, nikaandika kwenye daftari: 600,214.